Jiwe Lisilo na Majina

Ndugu wenzangu katika mapambano, wanafunzi wa vyuo vyote vya mji huu, wapishi wa mabweni yetu na wafagiaji wa madarasa yetu, ninyi mliosimama nami mvuani mwezi wa Novemba!

Mmezoea kunisikia nikihutubu. Leo sitahutubu. Nitawasomea barua nane, zangu nne na nne za Shangazi Ozella Tolbert, dada wa marehemu baba yangu, aliyenilea katika mji mdogo wa Ellaby, kusini mwa Georgia. Sikupunguza neno hata moja. Kuna mahali mtanionea aibu, na mahali hapo nimepaacha kama palivyo, kwa sababu anayedai ukweli kutoka kwa wenye mji hana budi kwanza autoe yeye mwenyewe. Sikilizeni.

*

Atlanta, 17 Septemba 1972

Shangazi mpenzi,

Barua hii na ikukute mzima, na goti lako la kushoto liwe limeacha kutabiri mvua. Mimi sijambo, ila chakula cha bweni hakina chumvi wala haya: jana walitupa mkate wa mahindi uliotiwa sukari, nikakukumbuka, nikakaribia kulia. Nisalimie Shemasi Pruitt. Mwambie bado sijaolewa, na asiulize tena.

Jambo lenyewe ni hili. Jimbo lina orodha ya majengo ya kumbukumbu, na jengo likiingia humo huwekewa bango la shaba. Ellaby imekwisha kuingiza nyumba tisa, zote za nguzo nyeupe, zote zimejengwa na mikono isiyolipwa. Mabango yake yanamtaja bwana, mkewe, hata farasi wake. Ukumbi wetu wa Chama cha Mazishi, ambao umewasitiri wafu wetu tangu mwaka 1894, hauna bango. Nani asiyejua kwamba matofali yake yalifyatuliwa na babu yako Lazarus, kwa udongo ule ule na kalibu ile ile aliyofyatulia jumba la akina Wetherbee alipokuwa mtoto wa miaka kumi na minne, mtumwa na mali yao? Jumba lina bango. Ukumbi una nyasi.

Nimechukua fomu. Inauliza historia, wajenzi, na wenye ardhi. Niandikie kila unachokijua. Na uniambie kwa nini jiwe letu la msingi halina jina hata moja. Nimepita mbele yake maisha yangu yote, nami huliona kama uso usio na macho. Watu waliojenga kwa jasho lao wakashindwa kujiandika! Aibu hiyo tutaifuta.

Mtoto wako,
Renetta

*

Ellaby, 2 Oktoba 1972

Mwanangu Renetta,

Goti linasema Alhamisi itanyesha. Mke wa mchungaji amejifungua pacha, wote wana sauti ya baba yao, kwa hiyo mtaa mzima haulali. Shemasi Pruitt anasema hakuuliza habari za ndoa kwa faida yake, mkewe bado hajafa. Nimekutumia njugu za pekani. Ukikuta zimepungua, mlaumu karani wa posta.

Kuhusu fomu yako. Andika matofali. Andika jinsi Lazarus alivyokanyaga udongo kwa miguu mitupu mpaka ukawa laini kama siagi, na jinsi vidole vyake vya utotoni vilivyobaki kwenye matofali ya jumba lile, ukivitafuta utaviona. Andika mazishi, nyimbo, mitandio myeupe. Majina, hapana. Wenye ardhi ni uzao wa Lazarus, basi. Wakitaka zaidi, waambie Shangazi ni mzee, amesahau. Jiwe nalo liache lilivyo.

Wiki jana wanaume wawili walisimamisha chombo cha miguu mitatu mbele ya ukumbi. Nikawauliza, "Mnapiga picha ya harusi?" Mmoja akasema wanapima barabara tu. Barabara iko huku, chombo kilikuwa kimeelekea kule.

Na jambo jingine dogo. Biblia kubwa nimeikuta kabatini imelala kifudifudi. Mimi huilaza chali. Kama kuna mtu alifungua zile kurasa za katikati kiangazi hiki, zenye majina yetu wote na mahali tulipotawanyikia, angaliniambia.

Ule vizuri.
Shangazi Ozella

*

Atlanta, 9 Oktoba 1972

Shangazi mpenzi,

Pekani zimefika, karani ni mwaminifu. Mwenzangu wa chumbani, Dovie, amezila akaniuliza kama una mtoto wa kiume.

Nimesoma ulichokiandika kuhusu udongo mara tatu, na mara ya tatu niliwasomea wenzangu kwa sauti. Lakini niruhusu nikupinge kwa heshima. Majina, hapana? Shangazi, ni nani aliyetufundisha kuyaficha majina yetu? Aliyetuuza! Katika vitabu vya hesabu vya mashamba tuliandikwa kwa umri, kwa urefu na kwa meno, kamwe hatukuandikwa kama watu. Na sasa, tunapopewa karatasi inayouliza kwa mara ya kwanza, "Ninyi ni nani, na hiki ni cha nani?", tujibu kwamba tumesahau? Anayejiandika ndiye anayehesabiwa. Asiyejiandika huandikwa na wengine, nao humwandika wapendavyo.

Insha ya matofali nimeimaliza. Nadhani utaipenda. Kuhusu wale wapimaji, waulize kibali chao, ni haki yako kisheria.

Wako katika mapambano na katika damu,
Renetta

*

Ellaby, 20 Novemba 1972

Mwanangu,

Nimechelewa kukujibu. Sikuumwa. Nilikuwa nangoja nione kama jambo hili litapita.

Pacha wanaendelea kulia. Nimepika mboga za majani na mfupa wa nguruwe, nikampelekea mama yao. Jumamosi nilipokuwa nafagia ukumbi, Bwana Carlisle Wetherbee alikuja. Unamjua: wakili, na ndiye mwenyekiti wa kile Chama cha Nyumba za Kale kinachovalisha wasichana magauni mapana kila Aprili wakati watalii wanapokuja kuzitembelea nyumba. Alikuja kwa miguu, peke yake, na chupa ya jamu ya tini.

"Habari za asubuhi, Shangazi Ozella."

Nikamwambia, "Mimi nina mpwa mmoja tu duniani, Bwana Wetherbee, naye ni msichana."

Akacheka. Akavua kofia. "Bi. Tolbert, basi. Nimekosa."

Renetta, wazungu wa hapa hutuita Shangazi ili wasituite Bi., na miaka sitini na tisa nimengoja kuitwa hivyo na mtu wa jumba lile. Nilipoitwa, nilisikia baridi.

Akapitisha kiganja ukutani, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe mnadani. "Kalibu ile ile," akasema. "Veranda yetu ya mashariki imeanguka, unajua. Nimeandikia viwanda vitano. Hakuna anayeweza kufyatua tofali la namna hii siku hizi."

"Waliofyatua wamekufa," nikamwambia. "Wengine tuliwazikia humu."

"Mpwa wako ameeleza vizuri sana. Sikujua mpaka nilipomsoma kwamba matofali haya na yetu ni ndugu. Ana kalamu, msichana yule. Ungejivunia."

"Najivunia. Umemsoma wapi?"

"Maombi yote huwekwa wazi maktabani, Bi. Tolbert. Mwananchi yeyote anaruhusiwa." Akaweka jamu kwenye benchi. Alipofika mlangoni akageuka. "Na binamu yako Thurman, kule Newark, kifua chake kimepona?"

Thurman ni mtoto wa baba yangu mdogo Josiah. Aliondoka hapa mwaka 1946 usiku mmoja bila kuaga, na hakuna mzungu wa mji huu aliyewahi kuambiwa alikwenda wapi. Imeandikwa mahali pamoja tu, na mahali hapo ni kabatini kwangu.

Jamu sijaifungua.

Nakuuliza mara moja, kwa upole. Uliandika majina?

Shangazi Ozella

*

Atlanta, 11 Desemba 1972

Shangazi mpenzi,

Natumaini baridi haijakukaza viungo. Mitihani imenikalia shingoni. Dovie ameposwa, kwa hiyo mtoto wako wa kiume ambaye hukumzaa amechelewa.

Nina habari njema! Jimbo limeniandikia kwamba maombi yetu yamevuka hatua ya kwanza, na msomaji mmoja amesema ni maelezo bora kabisa aliyoyapokea mwaka huu kutoka mji mdogo. Bado bodi haijakaa, lakini fikiria: ukumbi wa watu walioitwa mali, ukilindwa na muhuri wa jimbo lile lile lililowaita hivyo!

Wetherbee asikutishe. Mji mdogo husikia kila kitu. Huenda hata karani wa posta ndiye aliyemwambia habari za Thurman. Tena tamaa yake ya matofali ni ushahidi wa thamani yetu.

Krismasi sitaweza kuja. Tuna kikao cha kamati yetu ya wanafunzi tarehe ishirini na sita, na mimi ndiye katibu.

Nakupenda,
Renetta

*

Ellaby, 8 Januari 1973

Renetta,

Swali langu lilikuwa moja. Umenijibu mengine sita.

Nilipiga simu Newark kutoka nyumbani kwa mchungaji. Mke wa Thurman ndiye aliyepokea. Anasema alikuja kijana mmoja mwenye adabu, mwenye tai, akakaa sebuleni, akanywa kahawa, akasema anatoka Ellaby kwa ajili ya ukumbi. Thurman akalia, akamwonyesha picha ya baba yake. Kisha akasaini. Alidhani anasaini ili bango liwekwe.

Aliuza sehemu yake. Unajua maana yake? Wewe ndiye msomi, lakini hili hujifunzi huko. Lazarus hakuacha wosia, kwa sababu wosia hupelekwa mahakamani na mahakama haikuwa yetu. Kwa hiyo ardhi haikugawanywa. Sisi sote tunayo, kila tofali ni la kila mtu, na hakuna anayeweza kusema pembe hii ni yangu. Tuliona huo ndio ukuta wetu. Lakini mgeni akinunua sehemu ya mmoja wetu, huingia na kuwa mmoja wetu. Na mmoja wetu akiomba, hakimu huuza yote. Ukuta huu ulikuwa na mlango mmoja tu, na ufunguo wake ulikuwa kujua sisi ni nani na tuko wapi.

Lori la kijani husimama mbele ya ukumbi kila mchana, injini inaunguruma. Hakuna anayeshuka. Shemasi Pruitt aliwapelekea chai ili awaone nyuso. Hawakushusha kioo.

Ozella

*

Atlanta, 29 Januari 1973

Shangazi,

Niliandika.

Niliyanakili mwezi wa Agosti, ulipokuwa kwenye ibada ya Jumatano. Nilikaa sakafuni kwako na Biblia mapajani, nikaandika majina kumi na saba na anwani zake. Fomu niliituma tarehe 4 Oktoba, siku ile ile barua yako ya kunikataza iliponifikia. Niliisoma, nikaiweka mfukoni, nikaenda posta. Tarehe 9 nilipokuandikia zile aya zangu tukufu juu ya majina, ilikuwa imekwisha kuondoka siku tano. Sikuwa ninakushawishi wewe. Nilikuwa najitetea.

Ijumaa nilikwenda ofisi ya jimbo kuondoa maombi. Bibi wa mezani alikuwa mpole. Alisema karatasi ikishawekwa wazi haiwezi kufichwa, na kwamba orodha ya kumbukumbu haimzuii mwenye mali kubomoa mali yake. Nilimuuliza mara mbili. Mwenye mali anaweza kubomoa? Anaweza, akasema, hata kama bango limekwisha kupigiliwa. Nilikuwa sijui, Shangazi. Mimi katibu, mimi msomaji wa vitabu, sikuwahi kusoma ukurasa wa nyuma wa fomu yangu mwenyewe.

Wakili wa kamati yetu anasema wanasheria wa Wetherbee wametutangulia kwa miezi. Atajaribu.

Sistahili kuuliza, lakini nauliza: unalala salama?

Renetta

*

Ellaby, 26 Februari 1973

Mwanangu,

Umekula? Haya.

Nimesoma barua yako, nikaitia kwenye Biblia, katika kurasa zile ulizonakili. Sasa nikueleze kilichonishinda kukueleza miezi hii yote, na miaka yote kabla yake.

Mwaka 1912 nilikuwa na miaka tisa. Karani wa mahakama alisema Chama cha Mazishi kisajiliwe, la sivyo ukumbi utafungwa. Alitaka orodha ya wanachama. Babu Lazarus alijifunza kuandika akiwa na miaka hamsini, na hakuna kitu alichokipenda kama kuandika. Alikaa mezani jioni tatu. Akaandika wanaume thelathini na mmoja kwa wino mweusi, kwa mwandiko uliolala wote upande mmoja kama majani ya ngano. Akawaambia, "Sasa tumo kitabuni." Alisema karibu kama unavyosema wewe, ndiyo maana barua yako ya Oktoba niliisoma nikiwa nimesimama.

Majira ya baridi wazungu wenye bunduki walianza kuja usiku. Walikuja kwa kufuata orodha. Wa kwanza kuuawa alikuwa wa kwanza kwenye orodha, wa pili alikuwa wa pili. Baada ya wa tatu watu wakatambua, na jina la nne likatoroka na mke na watoto. Na jina la tano. Mtaa mzima ulipungua kwa mpangilio ule ule ambao babu aliuandika. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho, kwa adabu, kwa sababu mwandishi hajitangulizi. Hawakumfikia. Sijui kama alilihesabu hilo kuwa rehema.

Jiwe la msingi halikusahauliwa kuandikwa, Renetta. Lilikuwa na majina yote, tangu 1894. Babu alilifuta kwa patasi kwa mikono yake. Nilimshikia taa. Pitisha kiganja, utasikia mabonde.

Kwa hiyo sikukufundisha aibu. Nilikufundisha kimya, na sikukuambia kimya hicho ni cha nini, nikategemea utii wako. Nani amewahi kukutegemea kwa utii? Kosa hilo ni langu na ninalibeba.

Sasa habari. Hakimu ameamuru mnada. Ardhi na jengo, Jumanne ya kwanza ya Aprili, kwenye ngazi za mahakama, kama wauzavyo kila kitu hapa tangu zamani. Wetherbee amekwisha kuleta chanja za mbao za kupangia matofali. Ziko upande wa pili wa barabara, zimefunikwa turubai. Ameacha kuvua kofia.

Nimehamia ukumbini. Nina kitanda, jiko la mafuta na kiti cha kuketi mlangoni. Sherifu alikuja jana.

"Ozella, mimi sitaki kukutoa humu kwa mikono."

"Basi jaribu kwa miguu," nikamwambia. Shemasi Pruitt alicheka mpaka akakohoa. Sherifu hakucheka. Alihesabu madirisha, akaandika kitu, akaondoka.

Usiku wa kuamkia leo kuna aliyejaza mafuta kwenye mapipa mawili ya zamani nyuma ya ukumbi. Si yangu, na si ya mchungaji. Tumeyabingirisha hadi mtoni, Shemasi na mimi, wazee wawili wenye magoti mabaya. Asubuhi mapipa mawili mengine yalikuwa pale pale.

Uliniuliza kama nalala salama. Nalala.

Njoo. Lete watu, wengi uwezavyo, nyuso ambazo mji huu haujaziona. Ila sikia, na mara hii usiende posta kwanza: usilete orodha.

Shangazi yako,
Ozella Tolbert

*

Ndugu zangu, barua zimekwisha. Baada ya hiyo ya mwisho sijapata nyingine. Jana nilipiga simu nyumbani kwa mchungaji. Iliita mpaka ikakatika. Leo asubuhi vilevile.

Nimesikia minong'ono humu ndani kwamba tungoje, kwamba wakili wetu bado anajaribu, kwamba tumwandikie gavana. Nimeandika vya kutosha! Kalamu hii ndiyo iliyowaonyesha njia hadi mlangoni kwake. Mnada unahitaji mnunuzi, na mnunuzi hupenda ngazi tupu, asubuhi tulivu, mwanamke mzee peke yake. Tusimpe hata kimoja.

Kwa hiyo hakuna karatasi ya mahudhurio itakayopitishwa leo. Katibu hataandika nani amekubali na nani amekataa, katibu amejiuzulu. Anayekuja atajulikana kwa kuja. Msiseme simuni. Msiwaambie hata mnaolala nao chumba kimoja, mpaka mtakapokuwa mmekaa kwenye basi.

Mabasi mawili yataondoka nyuma ya kanisa la mtaa wa chini siku ya Jumanne, tarehe 3 Aprili, saa kumi alfajiri, taa zikiwa zimezimwa. Mnada utafunguliwa saa nne asubuhi. Mkutano wetu ni saa tatu kamili, juu ya ngazi za mahakama ya Ellaby, kuanzia ngazi ya juu kabisa kushuka chini, bega kwa bega, pasibaki mahali pa dalali kusimama.